Terazo ya zamani isagwe, isifunikwe vigae

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuseme jambo linalotukera sisi tunaoshinda na mawe, zege na terazo. Mtu akirithi au akinunua nyumba ya zamani, la kwanza analoambiwa ni kwamba sakafu imekufa, afunike vigae. Terazo haifi kirahisi hivyo. Ile ya majengo ya miaka ya 1950 na 1960, iwe Upanga, Tanga mjini, Moshi au Mombasa, kwa kawaida ni tabaka la saruji na kokoto za marumaru lenye unene wa sentimita moja na nusu au pungufu kidogo. Kuisaga upya, tangu pedi ya kwanza mpaka ya mwisho, hakuli hata milimita moja kama sakafu haijatitia. Kilichoondoka ni mng'ao wa juu tu: mchanga wa kwenye viatu umeukwaruza, asidi ya kusafishia choo imeula, na nta iliyopakwa mwaka hadi mwaka imeganda ikawa utando wa njano unaoshika kila uchafu.

Kinachourudisha ni pedi za almasi, yaani visahani vyembamba vya kusagia vyenye chembe za almasi, na siku hizi hata maduka ya vifaa vya ujenzi ya mikoani yanaziuza. Hapo ndipo kero ya pili inapoanzia. Mteja anapewa seti ya pedi saba na kisahani chake cha mpira, anaambiwa akafunge kwenye grenda aliyonayo nyumbani, basi. Hakuna anayemweleza kuwa grenda hiyo ndiyo itakayoharibu kazi.

Grenda ya kawaida ya inchi nne au nne na nusu inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Geuza pedi uangalie mgongoni: nyingi za inchi nne zimeandikwa mwisho wa kasi ni 4,500 au karibu na hapo. Ukiipeleka 11,000, ukingo wa pedi unakimbia zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Almasi yenyewe haina shida, lakini imeshikwa na rezini, aina ya gundi ya plastiki, na rezini ikipata moto inalainika na kujipaka juu ya jiwe. Yale madoa ya bluu au mekundu yanayobaki kwenye marumaru nyeupe, ambayo mwenye nyumba anasugua kwa sabuni wiki nzima bila mafanikio, ni rangi ya pedi iliyoyeyuka. Maji nayo yanarushwa nje kabla hayajafanya kazi, na velkro ya mgongoni ikichemka pedi inachomoka na kuruka. Usisimame mbele yake.

Inayotakiwa ni mashine ya polishi yenye swichi ya kubadili kasi, na iliyo nzuri zaidi ni ile ya maji, yenye tundu katikati ya mhimili linaloleta maji moja kwa moja chini ya pedi. Pedi za mwanzo zipelekwe kati ya mizunguko 2,000 na 3,000 kwa dakika, za mwisho zishuke mpaka 1,000 au 1,500. Kabla hujalipa, angalia nyuzi za mhimili wa mashine: kuna za M14 (upana wa milimita 14) na kuna za M10 kwenye mashine ndogo, na kisahani cha moja hakiingii kwenye nyingine. Watu wengi hurudi dukani mara mbili kwa hilo tu.

Maji na umeme wa volti 230 havina urafiki. Grenda ya kawaida inajipoza kwa kuvuta hewa kupitia matundu yake, na penye maji inavuta maji. Tusione tena mtu anasaga kwa grenda huku kijana anamwagia maji kwa kopo la rangi. Mashine ya maji iunganishwe kwenye soketi yenye kifaa cha kukata umeme unapovuja, kile mafundi umeme wanachokiita RCD, cha miliampia 30. Kiungo cha waya kining'inizwe juu ya kiti au msumari, kisilale sakafuni, na waya uache mkunjo chini ya kiungo ili maji yanayoufuata yadondokee hapo badala ya kuingia kwenye plagi. Miguuni buti za mpira.

Kabla ya kusaga chochote, jua unasaga nini. Kamua tone la ndimu mahali pasipoonekana, nyuma ya mlango au chini ya kabati, ukaliache dakika mbili. Likitoa povu, au likiacha alama iliyofifia, una marumaru, chokaa au terazo, yaani kokoto zake ni za jamii ya chokaa. Graniti haifanyi lolote. Hii si elimu ya kujifurahisha. Marumaru ina ugumu wa kama 3 kwenye kipimo cha Mohs, graniti iko kati ya 6 na 7, na almasi ni 10. Kwa hiyo pedi ile ile inayohangaika na graniti robo saa inaweza kuchimba bonde kwenye marumaru kwa dakika moja ukiinamisha mkono.

Halafu kuna niru, na hapa tunaomba wasomaji wawe waangalifu sana. Sakafu nyingi za nyumba zetu, zile nyekundu au nyeusi zinazong'aa, si zege lililosagwa. Ni uji wa saruji uliopigwa mwiko juu ya lipu ya sakafu ukiwa mbichi, unene wake milimita moja au mbili. Ukiweka pedi namba 50, ile yenye chembe kubwa kuliko zote kwenye seti, hapo umeshaitoa niru yote, mchanga umejitokeza, na hakuna pedi itakayoirudisha. Niru iliyochakaa anza na namba 400 kwa mkono mwepesi, au iache, uisafishe na kuipaka nta kama walivyofanya waliotangulia.

Terazo yenyewe inasafishwa kwanza. Nta na rangi ya ukutani iliyodondoka vikwanguliwe kwa kisu cha bapa na dawa ya kuondolea nta, la sivyo vinayeyuka na kuziba pedi. Asidi isitumike kusafishia, hata iliyochanganywa maji mengi. Inakula kokoto na saruji kwa pamoja, sakafu inabaki na vishimo kama ya mzinga wa nyuki, na kazi ya siku mbili inakuwa ya wiki. Pitisha mkono kwenye vipande vya shaba au kioo vinavyogawa paneli. Kama kimojawapo kimeinuka kikate kwanza kiwe sawa na sakafu, maana pedi ikikikwaa inachanika.

Namba za pedi ni 50, 100, 200, 400, 800, 1500 na 3000. Namba ndogo ina chembe kubwa. Siri yote, kama ni siri, ni kwamba kila pedi ina kazi moja tu: kufuta mikwaruzo ya pedi iliyotangulia na kuacha yake iliyo midogo zaidi. Mng'ao haupakwi mwishoni, unatokea wenyewe mikwaruzo inapokuwa midogo kiasi kwamba jicho haliioni. Ndiyo maana anayeruka kutoka 50 kwenda 400 "kuokoa muda" anapata sakafu inayong'aa usiku chini ya taa, na asubuhi jua likiingia kwa upande anaona duara juu ya duara. Namba 400 haina ubavu wa kufuta mikwaruzo ya 50. Inaipa mng'ao tu, na mkwaruzo uliong'arishwa unaonekana kuliko uliofifia.

Basi fanya hivi. Chukua penseli ya kawaida, chora mistari ya kukingamana kwenye eneo la nusu mita kwa nusu mita, jiwe likiwa kavu. Weka maji, shusha pedi ikiwa bapa kabisa, ndipo uwashe kwa kasi ndogo. Peleka mashine kutoka mlangoni kuelekea dirishani, kila njia ikiingia juu ya nusu ya njia iliyopita. Usikandamize, uzito wa mashine unatosha. Mistari ya penseli ikifutika kila mahali kwa pamoja, umesaga sawasawa. Ikibaki kwenye sehemu moja, hapo pana bonde na pedi haigusi. Kausha kwa kitambaa, zima taa, lala chini kabisa na tochi ikimulika kwa ubavu. Mikwaruzo ya zamani ikionekana, rudia. Ikiisha, badili pedi na safari hii peleka mashine kwa kukingama, kutoka ukuta wa kushoto kwenda wa kulia. Kwa njia hiyo mkwaruzo wowote wa pedi ya kwanza uliobaki unajitangaza, maana umelala kinyume.

Kati ya pedi na pedi osha. Osha sakafu, osha mikono, osha kisahani, badilisha maji ya ndoo. Chembe moja ya namba 50 iliyojificha kwenye velkro ikaingia chini ya namba 1500 inachora mstari mrefu wa kupinda unaokurudisha nyuma hatua nne. Hakuna kosa linaloumiza kama hilo, kwa sababu unaligundua mwishoni.

Uangalie uji unaotoka chini ya pedi. Ukiwa mwepesi kama maziwa yaliyotiwa maji, kazi inaenda. Ukiwa mzito kama uji wa mgonjwa, maji hayatoshi na pedi inasaga tope badala ya jiwe. Na maji yakitoka safi kabisa, pedi haing'ati: uso wake umeziba, rezini imefunika almasi. Usiitupe. Isugue sekunde chache kwa maji juu ya tofali la saruji au zege chafu lisilopigwa niru, uso utafunguka.

Vishimo na nyufa vizibwe baada ya namba 50 au 100, wala si mwishoni. Kanda saruji nyeupe na rangi ya unga mpaka ifanane na sakafu ikiwa kavu (ikiwa mbichi huwa nyeusi zaidi, kwa hiyo fanya kidonge cha majaribio siku moja kabla). Rangi isizidi sehemu moja kwa kumi ya uzito wa saruji, ikizidi saruji inakuwa dhaifu na itatoka kwenye fagio. Lowesha vishimo, kandamiza uji kwa kipande cha mpira, funika kwa magunia mabichi siku tatu au zaidi, kisha rudia namba 100 na kuendelea. Ukizibia baada ya 800, kiraka kitabaki kimefifia katikati ya kioo.

Sasa kuhusu muda, wenye nyumba wasidanganywe na wauzaji. Kwa mashine ya mkono, pedi ya kwanza peke yake inaweza kula nusu saa kwa mita moja ya mraba ya terazo iliyochakaa. Chumba cha mita nne kwa nne kina mita za mraba 16. Piga hesabu, kisha ukodi mashine kubwa ya kusimama nayo kwa sehemu ya katikati, na ya mkono uibakizie ngazi, pembe na kandokando ya kuta. Anayesaga chumba kizima kwa mashine ya mkono anaacha mawimbi, na kwenye sakafu inayong'aa mawimbi yanaonekana kama ya ziwani.

Sakafu ya zege ni habari nyingine. Pedi za rezini zilizotengenezwa kwa ajili ya mawe zinaliwa upesi na mchanga wa zege, kwa hiyo mwanzo ufanywe na sahani za almasi iliyoshikwa kwa chuma, namba 30 au 40, kisha 70 au 80, kisha 120, ndipo rezini ifuate. Hapa pana jambo linalowashangaza wengi: zege laini linataka sahani yenye chuma kigumu, na zege gumu linataka chuma laini. Zege laini lina mchanga unaolegea na kula chuma haraka, kikiwa laini sahani inaisha kabla ya chumba. Zege gumu halili chuma, na chuma kisipolika almasi mpya haitokezi, sahani inateleza tu.

Zege liwe limetimiza angalau siku 28. Lichore kwa msumari. Msumari ukiacha mfereji na unga, hilo halitang'aa hata ukilipeleka 3000, kwa sababu hakuna kitu kigumu cha kung'arisha. Linahitaji dawa ya kulikaza, ambayo ni silikati ya sodiamu au ya lithiamu iliyoyeyushwa kwenye maji. Dawa hiyo inakutana na chokaa iliyobaki ndani ya saruji na kutengeneza kiungo kilekile kinachoipa saruji nguvu. Imwagwe baada ya namba 100 au 200, uso ukae mbichi dakika 20 hadi 30, na inayobaki juu ifutwe kabla haijakauka. Ikikauka inaacha ukoko mweupe ambao hautoki kwa maji, unarudi kuusaga. Endelea kesho yake.

Na si kila mahali pafike 3000. Bafuni, barazani kunakonyeshewa, na ngazi za nje, simama kwenye 200 au 400. Sakafu iliyong'arishwa ikilowa inateleza, na mwenye nyumba mwenye wazee ndani hatakushukuru. Sebuleni, kwa macho yetu, zege la 800 linapendeza kuliko la 3000, ambalo linaonyesha kila unyayo.

Kaunta ya graniti tutaisema kwa ufupi. Makali yaliyokatwa upya unaweza kuyang'arisha nyumbani vizuri kabisa kwa pedi saba na subira. Doa katikati ya kaunta usiliguse. Mng'ao wa kiwandani ulitokana na mashine nzito, na sehemu utakayosugua kwa mkono itabaki inaonekana. Graniti nyeusi nyingine zimepakwa rangi au mafuta kiwandani, ukisaga unakuta jiwe la kijivu. Pedi ya mwisho ya kusugulia iwe nyeupe kwa mawe meupe, ile nyeusi ni ya mawe meusi.

Marumaru na terazo mara nyingi hazifiki kilele kwa pedi peke yake. Mafundi humalizia kwa unga wenye asidi ya oksaliki na kipande cha feluti (kitambaa kizito cha sufi iliyoshindiliwa), maji kidogo, kasi ndogo, dakika mbili tatu kwa kila eneo. Unga huo ni sumu. Glavu zivaliwe, kopo lifungwe, na lisikae jikoni karibu na chumvi. Kisha sakafu ioshwe, ikauke siku nzima, ipakwe dawa ya kuzuia maji inayozama ndani. Ukitaka kujua kama imekubali, dondosha maji: baada ya dakika kumi yakifutwa pasibaki kivuli cheusi. Kuanzia hapo ni maji na sabuni isiyo kali. Sabuni ya ndimu, siki na jiki zikae mbali nayo.

Tumebakiza la vumbi, na hili ndilo lililotufanya tuandike kwa wingi badala ya mmoja. Graniti, mchanga wa zege, na zaidi yake yale mawe ya kutengenezwa yanayouzwa kwa jina la kwazi, yana silika, madini yaliyomo kwenye mchanga. Vumbi lake linaloingia ndani kabisa ya mapafu halionekani kwa jicho, linaacha makovu yasiyopona, na tangu 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Mawe ya kutengenezwa yanaweza kuwa na silika zaidi ya asilimia 90, na Australia ilipiga marufuku kuyatengeneza, kuyauza na kuyafunga tangu Julai 1, 2024. Huku kwetu bado vijana wanayakata makavu, wamejifunga fulana puani. Fulana haizuii kitu. Kazi ifanywe kwa maji, na juu ya maji ivaliwe barakoa ya daraja la N95 au FFP2 iliyobana usoni. Kwa mwenye ndevu haibani.

Maji hayamalizi hatari kama uji utaachwa ukauke. Ule uji mweupe ukilala sakafuni, asubuhi ni vumbi lile lile, na sasa watoto wanapita juu yake. Ukokotwe ukiwa mbichi kwa ufagio wa mpira, utiwe kwenye ndoo, ulale usiku kucha. Asubuhi maji ya juu yamwagwe taratibu, tope la chini lifungwe kwenye mfuko wa saruji uliotumika. Lisiingie kwenye sinki wala karo, kwa sababu lenye saruji linaganda ndani ya bomba, na bomba hilo litavunjwa. Ngozi nayo isiachwe ndani ya uji huo siku nzima, unachoma polepole bila mtu kuhisi mpaka jioni.

Kwa wauzaji tuna ombi moja. Wakati wa kumpa mteja pedi, mwandikieni kwa kalamu juu ya mfuko, kwa Kiswahili: kasi isizidi 4,500, kwa maji tu, usiruke namba. Kwa mwenye nyumba aliyeitiwa fundi: mwambie aanze na nusu mita ya mraba chini ya kitanda, pedi zote mpaka ya mwisho, uione mchana na uione kwa tochi. Akikataa, mtafute mwingine kabla hujaita wa vigae.

Wasomaji wenu,
Mafundi wa mawe na terazo,
Dar es Salaam